Mafuta ya Simsim kwenye Ala ya Bwire

Kijana mmoja wa Tororo, fundi wa viatu na mikanda, alinitumia picha kwa simu wiki iliyopita. Ilikuwa ala ya bastola ndogo, ile ya kuingia mfukoni, ameishona kwa ngozi ya mbuzi. Mishono yake imenyooka kuliko yangu nilipokuwa na umri wake. Chini ya picha aliandika: "Fundi Wandera, umeionaje? Mteja ameipenda sana. Anasema ni laini mpaka anasahau kama ameivaa."

Nilimjibu: "Usimpe bado. Nitakueleza." Kisha nikakaa siku tatu bila kueleza, kwa sababu maelezo ya ile picha yanaishia kwenye kaburi la shemeji yangu, na kuna mtu mmoja aliyestahili kuyasikia kabla yenu. Sasa ameyasikia. Kwa hiyo nakuandikia wewe, kijana wangu, na wenzako wote mlioketi na ngozi magotini kuanzia Malaba mpaka Busia.

Mimi nina miaka arobaini na saba. Mtasema huyo si mstaafu. Lakini katika kazi ya kushona ala mimi ni mstaafu kabisa, na siku hizi natembeza viatu vya mitumba sokoni, leo Merikit, kesho Busitema. Miguu yangu haijawahi kukubali mahali pamoja. Nilisoma mpaka kidato cha nne, na mwalimu wetu wa jiografia aliniambia nimefaulu somo lake kwa sababu hata darasani nilikuwa natazama barabara. Kutotulia huko kuna sehemu yake katika habari hii, nitaifikia.

Kazi nilifundishwa na Mzee Othieno, Mjapadhola, kwenye veranda ya duka la vifaa vya ujenzi pale Tororo. Kutoka benchi lake uliona ule mwamba mkubwa wa mji juu ya paa za mabati, na yeye aliutumia kama saa. Kivuli kikifika mahali fulani, anasema njaa imeiva. Alishona viatu, mikanda, na begi za shule. Lakini watu wa mbali walimfuata kwa ala. Walikuwa wafanyabiashara wenye kibali na walinzi wanaosindikiza mizigo, watu ambao bastola kwao ni chombo cha kazi kama lilivyo jembe kwa mkulima. Wao waliita holsta. Mzee alisema ala, kama ya kisu, na mimi nimebaki na neno lake.

Kitu cha kwanza alichonionyesha kilikuwa bastola ya mti. Seremala alimchongea kwa mvule, ukubwa sawasawa na zile ndogo zinazotoshea kiganjani, na kila kona yake. Juu ya hiyo ndipo tulipimia na kukaushia. Ya kweli haikuruhusiwa kufika kwenye benchi. Mtu akiitoa mfukoni ili apimiwe, Mzee alifunga sanduku lake la vifaa na kusimama.

"Hiyo kitu peleka nyumbani," alisema. "Toa risasi huko, pima na karatasi, lete karatasi. Mimi nashona. Mimi si daktari, mimi si padri."

Ala yangu ya kwanza niliing'arisha kama kiatu cha bwana harusi. Ngozi, mnajua, ina pande mbili, upande laini wa manyoya ya zamani na upande wa nyama wenye ukaukau, unaokwaruza. Mimi niliweka ule laini nje, nikapaka rangi, nikapiga brashi. Mzee aliichukua, akaweka bastola ya mti ndani, akaitia yote katika mfuko wa suruali yake, akasema, "Sasa mwizi amekuja." Akachomoa. Ikatoka bastola ikiwa bado imevaa ala. Akaninyooshea vile vile.

"Utafanya nini hapa? Utampiga mwizi na kiatu?"

Wanawake waliokuwa wananunua misumari dukani walicheka mpaka mmoja akaketi. Tangu siku hiyo nilijua kwamba ukaukau unakaa nje, ushikane na kitambaa cha mfuko, na ulaini unakaa ndani, bastola iteleze itoke peke yake. Kosa la kuchekwa ni kosa zuri. Yapo mengine.

Suruali nayo ina habari zake. Bastola ndogo uzito wake ni kama wa tofali dogo ukiivaa kutwa nzima. Kulikuwa na mteja wetu mmoja, mfanyabiashara mnene wa Lumino, aliyekataa mkanda kwa sababu ulimbana tumbo. Tulimwonya. Jumapili kanisani kwaya ilipochangamka, naye akainua mikono yote miwili kumsifu Mungu, suruali ikaenda zake upande wa kulia. Akaishusha mikono haraka kuliko alivyoiinua. Alikuja Jumatatu kutafuta mkanda, akatukuta tayari tumeukata. Mzee alimuuliza kwa upole, "Bwana, walifika kwenye ubeti gani?"

Kwa hiyo mteja wako mwambie avae mkanda mpana, kitambaa kizito cha drili, na mfuko wenye kina cha kiganja kizima na nusu, umeshonwa chini mara mbili. Mwambie pia bastola inaingizwa kwenye ala ikiwa nje, mezani, macho yakiangalia, ndipo viwili hivyo vinaingia mfukoni pamoja. Asiisukume ndani ya ala ikiwa imeshakaa mfukoni, maana huko hakuna macho. Akienda chooni aitoe pamoja na ala yake, asiiache ining'inie. Kila wiki ageuze mfuko nje akung'ute vumbi na nyuzi. Na huku kwetu karibu na ziwa, jasho na unyevu vinakula chuma, apanguse kila jioni.

Hayo yote ni rahisi. Yaliyo magumu ni mawili, na Mzee aliyarudia mpaka nikayachoka.

La kwanza ni kwamba mfuko wa bastola hauna mgeni. Hauwekwi funguo, wala simu, wala leso, wala pipi ya mtoto. Na ukiwa mtupu, ubaki mtupu.

La pili ni kidole gumba. Ndani ya ala kuna mahali inapolala triga, kile kichuma kinachovutwa na kidole. Hapo ndipo uhai wa mtu ulipo. Mahali hapo tuliweka ngozi safu mbili, ile nene ya soli. Tuliiloweka katika maji ya vuguvugu, tukaisukumia bastola ya mti ndani, tukaikandamiza kwa mfupa wa ng'ombe uliosuguliwa, kisha ikakauka kivulini siku mbili bila kuguswa. Ikikauka inalia ukiigonga, kama ubao. Mzee aliweka gumba lake juu ya ile sehemu na kubonyeza kwa nguvu zake zote, mpaka ukucha unakuwa mweupe.

"Kidole yako ikiingia hapa, kitu ingine yote itaingia," alisema. "Ikibonyea, tupa. Usiuze, usirekebishe, tupa."

"Na mteja akisema ni ngumu, Mzee?"

"Kitanda ni laini. Mwambie abebe kitanda."

Maana malalamiko yalikuwepo kila mara. Ala ngumu inauma paja mwezi wa kwanza, wakati mwingine miezi miwili. Inaacha alama. Mteja anarudi anachechemea na kukuangalia kama umemroga. Dawa yake ipo. Fumua mfuko wa suruali, upande wa paja weka kitambaa mara mbili chenye pamba nyembamba katikati, kama blanketi la mtoto, kisha shona tena. Na pembe za ala zipige tupa ziwe duara. Ni kazi ya nusu saa. Unalainisha mfuko, huilainishi ala. Na mafuta hayagusi ala hata tone moja, kwa sababu ngozi ikinywa mafuta na kupata joto la mwili, baada ya siku chache inalegea kama mkate uliochovywa kwenye chai.

Mimi niliyajua hayo. Naomba mkumbuke hivyo mnaposoma yanayofuata. Niliyajua kwa moyo.

Baada ya miaka ya Tororo nilihamia Busia, upande wetu wa Uganda, nikakaa karibu na barabara ya malori. Nilienda huko kwa sababu miguu ilitaka, na kwa sababu dada yangu mkubwa, Ajambo, alikuwa ameolewa huko na Bwire.

Bwire alikuwa mlinzi na msindikizaji wa mama mmoja wa mahindi, mwenye stoo kubwa. Alikuwa na kibali, amefunzwa, na hakuwa mtu wa kujionyesha. Watu walikuwa wakikaa naye miezi wasijue ana bastola. Walichojua ni kwamba ana peni. Kwa wale wasioishi mpakani, nieleze. Karatasi za kuvushia mzigo zinajazwa kwa mkono wakati mwingine, kwenye dirisha hili na lile, na dereva aliyetoka mbali hana kalamu kamwe. Bwire alikuwa na kalamu kila siku. "Bwire, peni!" ndiyo salamu yake pande zote mbili. Wakenya walimwita Peni tu. "Peni, niaje? Nisaidie kidogo, nitakurudishia." Hawakurudisha. Kwa hiyo alibeba mbili, tatu.

Bastola haikuvuka naye. Kibali chake kilikuwa cha Uganda, na ukikanyaga upande wa pili kibali hicho ni karatasi ya kufungia karanga. Basi kila siku ya kuvuka, aliitoa pamoja na ala yake, akaifungia katika sanduku la chuma pale stoo, akavuka mchana huo na mfuko wa kulia mtupu. Akirudi, anaichukua tena. Miaka mingi alifanya hivyo bila kukosea hatua.

Sasa fikirini mfuko mtupu wa mtu aliyezoea uzito. Unawasha. Mkono unaingia wenyewe. Mwaka wa kwanza aliuacha mtupu. Baadaye, akiwa upande wa Kenya, alianza kutia simu yake ya Kenya humo. Halafu peni. Nilimwona siku moja nikamwambia, "Shemeji, huo mfuko hauna mgeni."

"Huko ng'ambo hauna hata mwenyewe," alinijibu, akicheka. "Mwache mgeni akae, nikirudi namfukuza."

Na kweli alimfukuza kila mara, akihamishia kushoto kabla ya kufungua sanduku. Hata wewe msomaji usingemlaumu. Kosa kama hili haliwezi kumpata mtu wa Kampala wala wa Nairobi, ambaye mfuko wake wa kulia ni ule ule kuanzia asubuhi mpaka jioni. Linatupata sisi ambao mfuko mmoja una kazi mbili kwa siku moja.

Ala ya Bwire niliishona mwenyewe. Ilikuwa ala bora kuliko zote nilizowahi kushona. Mzee Othieno alikuwa bado hai, nikampelekea Tororo aibonyeze, naye akabonyeza mpaka mkono ukatetemeka, kisha akanirudishia bila kusema neno. Kwa Mzee, huko ndiko kusifiwa.

Ile ya kwanza ilidumu miaka sita. Nilipomshonea ya pili, suruali zake zilikuwa mpya na nyembamba kidogo, na paja likaanza kuumia. Alikuja kwangu Alhamisi mchana, jua kali. Nilikuwa nimeshaanza kufunga mzigo, kwa sababu nilisikia kuna mtu Merikit ana ngozi nzuri, na pia, niseme ukweli, kwa sababu nilikuwa nimekaa Busia miezi minne mfululizo na roho ilikuwa inanikwaruza.

"Shem," Bwire alisema, "hii ala yako inanitafuna paja. Nyumbani wameshanichoka na kuchechemea."

"Vua suruali nikuwekee kitambaa."

"Nivue hapa barabarani? Watu wa Busia waone nini?"

"Waone paja la mlinzi. Lete basi suruali kesho."

"Kesho uko wapi? Si naona umefunga begi."

Nilicheka. Alikuwa amenijua. Begi lilikuwa miguuni pangu, na boda ya kunipeleka stendi ilikuwa inanisubiri, dereva anapiga honi.

"Huwezi kuilainisha kidogo tu?" aliuliza. Alisema kwa aibu fulani, kama mtu anayeomba kitu ambacho anajua jibu lake. Nami nilimpenda yule mtu. Alikuwa amemtunza dada yangu vizuri kuliko sisi tulivyomtunza nyumbani kwetu.

Alikuwa ameiacha bastola stoo, ala ameishika mkononi kwenye mfuko wa karatasi, maana alijua masharti ya benchi langu. Nilikuwa na chupa ya mafuta ya simsim, ya kupaka mikanda. Nikamimina kwenye kitambaa, nikapaka upande wa paja, nyuma. Nikajiambia ni nyuma tu. Kisha kitambaa kilikuwa bado kina mafuta, nikazungusha na mbele, kama unavyofuta meza. Dakika mbili. Sikubonyeza. Hata ningebonyeza ingekuwa bado ngumu, kwa sababu mafuta hayafanyi kazi siku ile ile. Yanangoja.

"Asante, shem," alisema. "Msalimie ng'ombe wa Merikit."

Nikapanda boda.

Jumatatu Bwire alivuka Kenya na karatasi za malori mawili. Alirudi saa nane mchana. Yule mama wa mahindi alikuwa na haraka, mzigo mwingine unaelekea Tororo, pikapu tayari inanguruma mlangoni. Bwire alifungua sanduku, akachukua bastola ndani ya ala yake, akatia mfukoni. Simu ya Kenya aliikumbuka, ilikutwa mfuko wa kushoto. Peni moja haikukumbukwa. Alipoinua mguu kuingia kwenye pikapu na kuketi, ile peni ilisimama mfukoni, ikasukuma ngozi mahali pale pa triga, na ngozi ikakubali.

Dereva aliniambia baadaye kwamba Bwire hakupiga kelele. Alisema tu, "Nimejipiga," kwa sauti ya mtu aliyekanyaga mwiba, kisha akauliza kama kuna mwingine ameumia. Risasi ilikuwa imeshuka ndani ya paja, kwenye ule mshipa mkubwa. Walimfunga kwa shati, wakaendesha kama wendawazimu. Hawakuwahi.

Mimi nilikuwa Merikit, nimeketi juu ya marundo ya ngozi, nakula muwa. Simu ililia. Bado siwezi kula muwa.

Nilipofika, polisi mmoja aliniita, mtu mwenye adabu, akaweka ala mezani. "Fundi, hii ni kazi yako?"

"Ndiyo."

"Ina kasoro?"

Niliishika. Sikuhitaji kubonyeza. Ilijikunja yenyewe mkononi, na mahali pale palikuwa na shimo dogo la ncha ya peni, kama alama ya kidole kwenye ugali wa moto. Dada yangu alikuwa nje ya mlango, nasikia anavyolia. Nilisema, "Haina kasoro. Ni peni."

Ikaandikwa peni. Na ilikuwa kweli, peni ilikuwepo. Nilijishikilia kwenye nusu hiyo ya ukweli kama mtu anayeshika tawi mtoni.

Lakini sikufikiria kitakachofuata. Mji mdogo unapenda jambo la kukumbuka. Kabla ya msiba, Peni lilikuwa jina la upendo. Baada ya msiba likawa somo. "Mlinzi mzima anauawa na peni yake!" Walinzi wapya walionywa, "Usiwe kama Peni." Binti yake alipokwenda sekondari, wenzake walimkalisha mbali na kalamu zao kwa mzaha, "Mtoto wa Peni asije akatumaliza." Mtu aliyekuwa mwangalifu kuliko wote niliowafahamu akawa mfano wa uzembe. Dada Ajambo alihama Busia akarudi Lumino kulima, ili asisikie. Na mimi, ambaye neno langu moja lingeweza kugawanya ile lawama, nilitembea. Malaba, Tororo, Merikit, Busitema. Nilipita Lumino mara mbili au tatu kwa mwaka, nikiacha sukari mlangoni na kusema nina haraka. Naye hakunizuia. Nilidhani anajua, na hataki kuniona.

Sikushona ala tena. Viatu niliendelea navyo miaka miwili, kisha mkono ukakataa msharasi, ile sindano nene ya kutobolea ngozi. Kila nikibonyeza nasikia honi ya boda. Nikamrudishia Mzee Othieno bastola yake ya mti, aliyonirithisha. Alikuwa mgonjwa kitandani. Aliuliza, "Ilibonyea?" Nikasema ndiyo. Akageukia ukutani. Hakunisema kwa mtu yeyote mpaka alipofariki, na kunyamaza kwake kuliniuma zaidi ya ile bakora ya maneno aliyokuwa nayo zamani.

Siku hizi zipo ala za plastiki ngumu, zinaagizwa kwa simu na kuletwa na basi. Mafundi wengi mnazichukia kwa sababu zinawanyang'anya wateja. Mimi sizichukii. Plastiki hainywi mafuta. Mteja hawezi kukubembeleza uilainishe, na wewe huwezi kumhurumia kwa dakika mbili.

Basi picha ya ngozi ya mbuzi ilipokuja, "laini mpaka anasahau kama ameivaa," nilijua siwezi kukueleza habari ya kidole gumba nikanyamaza kuhusu simsim. Na siwezi kuiandika simsim kabla Ajambo hajaisikia. Nikaenda Lumino.

Nilimkuta nyuma ya nyumba, ameketi kwenye kigoda, anamenya mihogo. Nywele zimeanza kuwa nyeupe pembeni.

"Umekuja na hiyo miguu yako," alisema. "Utaketi, au sukari ndiyo itaketi?"

"Leo nitaketi, dada."

Akanitazama, akasogeza beseni. Nikaketi chini. Nikamweleza yote kama nilivyowaeleza ninyi, kuanzia suruali nyembamba mpaka polisi. Aliendelea kumenya. Nilipofika kwenye chupa ya simsim, kisu kilisimama.

"Alikuja kwako siku gani?"

"Alhamisi. Mchana."

"Alikuambia nani amemtuma?"

"Hapana. Alisema paja linamuuma."

Aliweka kisu kwenye beseni, polepole. "Lilikuwa na alama nyeusi, upana wa kiganja changu. Niliiona Jumatano usiku. Nikamwambia, wewe una shemeji fundi, unachechemea kama mzee kwa nini? Kamwambie ailainishe. Akakataa. Akasema, 'Hizo hazilainishwi, Wandera atanifukuza.' Nikamwambia, 'Mwambie ni mimi nimesema, hatakufukuza.'"

Kuku walipita kati yetu, wakadonoa maganda.

"Hakuniambia ni wewe," nilisema.

"Alikuwa hivyo. Asingekuweka kwenye shida." Alifuta mikono kwenye kanga, ingawa ilikuwa mikavu. "Miaka tisa, Wandera. Nikikuona unaacha sukari na kukimbia, nasema, huyu anajua ni mimi niliyemtuma. Ndiyo maana hawezi kuketi na mimi."

Nilichukua muhogo mmoja. Yeye ndiye aliyeendelea.

"Na peni?"

"Peni ilikuwepo. Lakini kwenye ala ngumu, peni ingevunjika yenyewe. Yeye angeikuta vipande jioni, akalaani wino kwenye suruali, yakaisha."

"Basi waandikie hivyo. Binti yake naye asome."

"Na wewe je? Nikuandike?"

"Niandike. Nimechoka kukaa nayo peke yangu."

Tulimenya mihogo iliyobaki, wawili. Kisha akauliza, "Mlikuwa mnapima namna gani?"

Sikuwa na ala. Nilivua kiatu changu, buti la zamani nililolishona mwenyewe Tororo, kisigino chake kimejengwa kwa ile ile ngozi ya soli, safu mbili, iliyokaushwa kivulini. Nikamwonyesha mahali. Aliweka gumba lake hapo, akabonyeza. Akabonyeza tena kwa nguvu, mpaka ukucha ukawa mweupe. Haikuingia.

"Ngumu hivi?" aliuliza.

"Ngumu hivyo, dada."

"Ingemuumiza."

"Ndiyo," nikasema. "Ingemuumiza."